Mateka wakiachiwa taarifa ya asubuhi ikiwa hewani

Habari nyingi za dunia hutufikia Mwanza zikiwa zimelala. Wamarekani 52 waliokaa mateka Iran siku 444 waliondoka Tehran tarehe 20 Januari 1981, dakika chache baada ya Ronald Reagan kuapishwa. Washington ilikuwa adhuhuri, kwetu saa mbili usiku, kwa hiyo mhariri wa asubuhi alikuwa na usiku kucha wa kuipanga. Jumatatu ya 13 Oktoba 2025 haikutoa nafasi hiyo. Israel ilikuwa bado kwenye saa za kiangazi, zilizo sawa na zetu, na mateka saba wa kwanza kati ya walioshikiliwa Gaza na kundi la Hamas walikabidhiwa yapata saa mbili asubuhi. Wengine 13 wakafuata baadaye asubuhi hiyo.

Habari ya namna hii huharibika kwa sababu kuachiwa si tukio moja. Mateka wa Gaza walikabidhiwa kwanza kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Magari yake yaliwapeleka kwa wanajeshi wa Israel waliokuwa ndani ya Gaza, kisha wakavushwa mpaka hadi kambi ya jeshi ya Re'im, kusini mwa Israel, ambako walipimwa afya na kukutana na wazazi au wenza wao. Mwisho ilikuwa helikopta hadi hospitali. Mtangazaji anayesema "wamefika kwao" wakati msafara bado uko njiani ameruka hatua tatu, na lolote likitokea itabidi arudi hewani kusahihisha. Taja hatua, taja saa, taja aliyethibitisha. Wala usiwape Msalaba Mwekundu sifa ya kupatanisha: wao walisafirisha. Usuluhishi ulikuwa wa Misri, Qatar, Uturuki na Marekani.

Kwa uandishi, gawa taarifa karatasi mbili. Ya juu ina sentensi mbili za hali ilivyo sasa, nayo hubadilishwa kila saa. Ya chini ina usuli: shambulio la Hamas nchini Israel la 7 Oktoba 2023, vita vilivyofuata, masharti ya makubaliano ya kusitisha vita. Hiyo haiguswi hadi mchana. Intaneti ikikatika, unabaki na karatasi ya chini na saa ya mwisho uliyoiandika juu. Unasoma bila kubahatisha. Dakika moja hewani inabeba maneno kama 110 ya Kiswahili, maana maneno yetu ni marefu. Anayetafsiri taarifa ya shirika la habari neno kwa neno huzidisha muda, halafu anakimbiza mwisho, na mwisho ndiko tarakimu zilikolundikwa.

Tarakimu zenyewe: moja kwa kila sentensi. Walioachiwa walikuwa 20, yaani wote waliokuwa hai. Lakini asubuhi hiyo Gaza kulikuwa bado na miili 28, mmoja wao wa kijana Mtanzania, kati ya wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo na kuuawa siku ile ya shambulio. Mwili wake ulirudishwa Novemba 2025. Kwa hiyo kutangaza "mateka wote wameachiwa" kulikuwa kosa la hesabu, na kwa msikilizaji wa Tanzania ni kumsahau mtoto wa nyumbani. Upande wa pili nao una hesabu yake: Israel iliwaachia Wapalestina karibu 2,000, wakiwamo 250 waliokuwa wakitumikia vifungo vya maisha au virefu. Waliobaki, kama 1,700, walikamatwa Gaza wakati wa vita, kwa hiyo usiwaite wote wafungwa waliohukumiwa.

Sauti za shangwe kutoka Tel Aviv na Ramallah ni nzuri, ila kwa kiasi. Ziachie sekunde tatu au nne, zishushe, ndipo usome. Usiziweke kamwe chini ya tarakimu: mtu anayesikiliza Mwaloni Kirumba, injini za mitumbwi zikinguruma, hataambulia kitu.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni, nao ni usomaji wa magazeti redioni. Gazeti limechapwa usiku, linasema mateka "kuachiwa leo", na linasomwa baada ya taarifa iliyokwisha kusema wamekabidhiwa. Msomaji aseme wazi kwamba kichwa hicho ni cha jana usiku, kisha asome kama kilivyo. Kesho yake, 14 Oktoba, ilikuwa Siku ya Nyerere, tena katikati ya kampeni za uchaguzi, hivyo Gaza ilistahili kushuka hadi habari ya tatu au ya nne: miili minne iliyokabidhiwa jana yake, na idadi iliyokuwa bado ikidaiwa.