Miezi Kumi na Tisa Niliyoihesabu Vibaya

Kila Jumapili baada ya ibada humpigia mama mkwe simu, naye, akishaitikia shikamoo yangu, huuliza, "Hamjambo nyote?" Swali hilo halina ubaya wowote, lakini neno "nyote" lilianza kunichoma mwaka jana, kwa kuwa katika nyumba yetu ya South B sisi nyote ni watu wawili, na mmoja wao hulala Naivasha siku nyingi kuliko anavyolala kwake. Laiti ningelisikiliza neno hilo vizuri, ningeliokoa fedha na machozi mengi.

Nina umri wa miaka 33. Nilipofikisha miezi 19 tangu niache tembe za kupanga uzazi, nilijua kwamba tumeshapita ule muda ambao Shirika la Afya Duniani hutumia kueleza ugumba, yaani miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga pasipo mimba kutunga. Nilikwenda kliniki peke yangu, nikatolewa damu, na baada ya wiki moja nikaambiwa mambo mawili: kwamba homoni ya projesteroni niliyopimwa siku ya 21 ya mzunguko wa hedhi ilikuwa ya chini, hivyo mayai yangu hayapevuki, na kwamba kipimo kiitwacho AMH, kinachokadiria akiba ya mayai, kilikuwa cha chini kidogo kwa umri wangu. Nilipewa karatasi yenye makadirio ya gharama ya kurutubisha yai nje ya mwili, zaidi ya laki nne, na tarehe ya kuanza sindano. Mume wangu hakuulizwa hata jina.

Matibabu yenyewe siyapingi. Tangu Louise Brown, mtoto wa kwanza kutungwa hivyo, azaliwe Uingereza mwaka wa 1978, njia hiyo imewapa watoto mamilioni ya watu, na hapa Nairobi watoto wa kwanza wa aina hiyo walizaliwa mwaka wa 2006. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa nimepewa jibu kabla swali halijaulizwa.

Binamu yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenipeleka kwa daktari mwingine, mwanamke wa makamo mwenye chumba kidogo huko Upper Hill. Kwenye mapokezi waliniita "mama", kama wanavyomwita kila mwanamke katika hospitali zetu, na siku hiyo nilitamani waniite kwa jina langu. Daktari alitazama majibu yangu kwa muda mfupi tu, akayaweka kando, akauliza mzunguko wangu wa hedhi una siku ngapi. Nikamwambia 34, wakati mwingine 35. Akatabasamu kwa namna ya mtu aliyekwishaona kosa hilo mara nyingi.

Alinieleza kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na projesteroni hupanda baada ya hapo, ikifika kilele karibu siku saba kabla ya hedhi. Siku ya 21 inamfaa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa mzunguko wangu, yai hutoka karibu siku ya 20, kwa hiyo nilikuwa nimepimwa siku moja tu baada ya yai kutoka, kabla homoni haijapata nafasi ya kupanda. Nilirudia kipimo siku ya 27, na majibu yakaonyesha wazi kwamba mayai yanapevuka. Kuhusu AMH alisema kwamba kipimo hicho humsaidia daktari kukadiria idadi ya mayai atakayoyapata akikuchoma sindano za kuyachochea, lakini hakisemi kama utashika mimba kwa njia ya kawaida au hutashika. Mwezi unahitaji yai moja tu.

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mzee huwa nyumbani siku zipi?"

Mume wangu ni fundi katika mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria, karibu na Naivasha, na hurudi nyumbani wikendi mbili kwa mwezi, zamu ikimruhusu. Daktari akachukua kalenda, akaniomba nifungue tarehe za hedhi nilizoziweka kwenye simu, kisha nikampigia mume wangu anitumie ratiba zake za zamu. Yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24, na mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke, kwa hiyo dirisha la kupata mimba ni siku sita hivi katika kila mzunguko: siku tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Tulipopiga mstari juu ya siku ambazo yeye alikuwepo na dirisha lilikuwa wazi, tulipata mizunguko minane. Miezi 19 niliyokuwa nikiililia ilikuwa, kwa hesabu ya mwili, haijafika hata mwaka mmoja. Sikujua kama nicheke au nilie, na nadhani nilifanya yote mawili mbele yake.

Hakuniruhusu niondoke na furaha hiyo bila vipimo. Alisema kwamba kuna hali ambazo kungoja ni kupoteza wakati: mirija yote miwili ya uzazi ikiwa imeziba, manii yakikosa mbegu kabisa, au hedhi ikiwa haiji au inakuja kwa nadra, na kwamba mwanamke aliyefikisha miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita kabla ya kupimwa. Mirija inahitaji kuangaliwa kwa makini hapa kwetu, kwa sababu maambukizi kama klamidia huweza kuiharibu bila mtu kuhisi maumivu yoyote. Nilipigwa picha ya eksirei siku ya nane ya mzunguko, dawa ya rangi ikipitishwa kwenye mji wa mimba. Dakika chache za maumivu makali ambayo sitayapamba kwa maneno. Mirija yote miwili ilikuwa wazi.

Kipimo cha manii ya mume wangu ndicho rahisi na nafuu kuliko vyote, na ndicho tulichokifanya mwisho, jambo ambalo bado linanikera, maana upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vyote. Alikataa katakata chumba cha maabara, chenye mlango mwembamba pembeni ya foleni ya wagonjwa. Sampuli ikitolewa nyumbani inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili, na mtu yeyote anayeijua Barabara ya Mombasa ataelewa kwa nini tulichagua Jumamosi alfajiri. Alikaa kwenye teksi ameibana chupa kwapani chini ya shati, akimjibu dereva maswali ya mpira kwa sauti ya mtu anayefanya mtihani.

Majibu yalisema mbegu milioni 14 kwa mililita, ilhali kiwango cha chini cha kulinganishia ni milioni 16. Mume wangu hakula chakula cha jioni. Daktari alitueleza kwamba kiwango hicho kilitokana na kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na kwamba asilimia tano kati yao walikuwa chini yake na bado wakawa baba. Akamuuliza kama aliugua karibuni. Naam, wiki saba kabla yake alikuwa na homa kali. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na homa huzipunguza, kwa hiyo alirudia baada ya miezi mitatu akapata milioni 31.

Basi, kwa sasa hatuhitaji matibabu. Daktari ametupa mizunguko sita ya kujaribu kwa hesabu sahihi, na baada ya hapo tutazungumza tena, akianza na hatua ndogo kabla ya zile kubwa. Tupo katika mzunguko wa tatu. Zamu za Olkaria hazibadiliki kwa ajili ya yai la mtu, kwa hiyo siku hizi ni mimi ninayesafiri. Jumatano ijayo ni siku ya 17. Nimeshaomba ruhusa ya kutoka kazini saa nane mchana, na nauli ya Naivasha nimeiweka kando.