Kope za mwanangu: jinsi tulivyompata daktari wa upasuaji

Mwanangu alizaliwa na kope zilizolegea. Ili aone, ilibidi ainue kidevu. Zahanati tulipewa matone, dukani tukapewa miwani. Wapi!

Wazazi wenzangu, njia ilifunguka nilipoacha kuulizia "daktari wa macho" tu. Pale hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, niliuliza: nani anapasua kope za watoto? Nikatoa picha zake za uchanga. Hizo picha ndizo zilizosaidia mno, maana zilionyesha hali ni ya kuzaliwa: blefarofimosisi, yaani uwazi wa macho ni mwembamba na kope zimelegea. Walianza kwa kupima uoni, kwani jicho linalofunikwa utotoni huweza kudhoofika kwa kudumu. Kisha kope zikaunganishwa na msuli wa paji la uso, ili uziinue. Kidevu kimeshuka, alhamdulillahi! Usiku tunampaka marhamu, kwa kuwa akilala kope hazifungi kikamilifu.