Mawe ya Ewaso Ng'iro
Juzi nilikuwa Archers Post, kaskazini mwa Kenya, na jamaa zangu, tukigeuza mawe katika mto Ewaso Ng'iro kutazama wadudu. Watu hudhani kwenye ukame ule majini hakuna kitu ila mbu. Wapi! Penye maji ya kasi, jiwe moja limeota mabuu ya usubi kama ndevu. Pembeni yake vidudu bapa vyenye mikia mitatu, ambavyo vikishapata mabawa huishi siku moja, mbili, bila kula chochote. Mdudu mwingine hujijengea kijumba cha chembe za mchanga kwa uzi anaoutoa mdomoni. Alichungulia, kivuli changu kikampita, akarudi ndani.

Ukienda kwenye madimbwi yaliyoachwa na kiangazi, wakazi ni wengine kabisa. Maji yakipata joto oksijeni hupungua, hivyo wanaopumua kwa matamvua, kama samaki, hupata taabu. Mbawakawa wa majini hajali: hewa anaibeba chini ya mabawa, na dimbwi likikauka anaruka kutafuta jingine. Mtoto wa kereng'ende naye, ukimgusa, anafyatua maji kwa nyuma na kuchomoka (ndiyo, kwa nyuma!).

Safari ijayo, inshallah, ni chemchemi za Buffalo Springs. Nani anakuja? Vaa viatu visivyoteleza.