Ma'mdogo na yule wa "tuma kwenye namba hii"

Leo nimeshinda jikoni kwa ma'mdogo, Buguruni, namsikiliza anavyocheka, nikasema hii lazima niiandike.

Mwezi wa tatu alikuwa anasubiri mwenye nyumba amtajie namba ya kulipia kodi. Ikaingia meseji, "ile hela tuma kwenye namba hii". Miwani kaiacha nyumbani, akaenda kibandani kwa wakala akaweka hela kwenye simu akatuma mwenyewe, laki moja na nusu, jina lililotokea wala hakulisoma. Na mimi nilivyodhani tukishasajili laini kwa alama za vidole ile 2020 hawa matapeli ndo basi tena, wapi!

Hela iliuma ila aibu ndo ilimlaza. Wiki nzima hakukaanga vitumbua, ukimuuliza anasema unga umeisha.

Aliyemtoa ndani ni wakala mwenyewe, Baba Salma, alifiwa na mkewe zamani, mtu wa salamu tu na daftari lake. Alikuja na miwani yake ya kusomea akampa aivae, wakaisoma ile meseji neno kwa neno halafu wakajibu: "Mwanangu kodi ya miezi sita nimeipata, laki tisa, ila laini ina deni, nikiweka tu wanakata, nitumie elfu ishirini nilimalize." Tamaa bwana, jamaa katuma! Kesho yake ma'mdogo akamwambia bado ya kutolea, akaongeza elfu kumi na tano. Pale kibandani watu walipiga vigelegele mpaka bodaboda wakaja kuuliza nani anaolewa. Ndo ma'mdogo akampigia, kwa upole kabisa, "mwanangu ile hela nimeipata, ahsante," akakata, na ile meseji tukaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Nimejiuliza kama ni halali kumdanganya mwizi, na mimi nasema halali kabisa. Laki na kumi na tano haijarudi, labda hairudi tena.

Ila Baba Salma siku hizi anapita kila jioni, mara amfundishe kupiga *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, mara kaleta kashata. Leo vitumbua sita vimefunikwa pembeni, nikanyoosha mkono nikapigwa mwiko. Na ile miwani mpaka leo hajairudisha, wala mwenyewe hajaidai.