Nilivyomtambua kidenenda kwa masikio

Ndege mdogo kuliko shomoro, rangi ya kahawia, mgongo wenye michirizi, anaishi nyasini. Kwa maelezo hayo tu hakuna mtu angeweza kunisaidia. Videnenda, yaani ndege wa jenasi Cisticola, wako spishi kama 50, na wengi wao wamevaa sare moja. Hubert Lynes, admirali wa Uingereza, alilazimika kuandika kitabu kizima mwaka 1930 ili awapange tu.

Basi nikaweka darubini kando nikaanza kusikiliza. Huyu wangu alikuwa akiruka juu ya nyasi kwa mawimbi, anapanda, anashuka, na kila akifika juu ya wimbi anatoa mlio mmoja mkavu: tsit! Kisha kimya kidogo, wimbi jingine, tsit! Ni kama mkasi unaokata kitambaa polepole. Nilijaribu kuhesabu moyoni nikaona mlio unarudi karibu kila sekunde. Hakuna maringo mengine: hapigi mabawa yakaalika kama wafanyavyo baadhi ya ndugu zake, wala hashuki kwa kishindo. Nilipolinganisha na sauti zilizorekodiwa, jibu likawa moja, Cisticola juncidis. Huyu hupatikana Afrika, kusini mwa Ulaya na Asia mpaka kaskazini mwa Australia, kwa hiyo rekodi zake si haba.

Macho yalikuja kuthibitisha baadaye. Alipotua alitandaza mkia: mfupi, wa mviringo, wenye madoa meusi na ncha nyeupe. Kiuno, pale juu ya mkia, ni chekundu-kahawia bila michirizi. Ukibahatika kuona hayo mawili pamoja na mruko ule, huna haja ya kubishana na mtu.

Kilichonivutia zaidi ni ndoa yake. Dume hushona majani mabichi ya nyasi kwa utando wa buibui mpaka yawe chupa iliyosimama, mdomo ukiwa juu, chini kabisa kwenye kichaka. Kwa kuwa majani bado yana uhai, kiota hubaki kijani na huwezi kukiona hata ukiwa hatua moja. Jike akikikubali hutandika ndani vitu laini, hutaga, huatamia na kulisha makinda. Dume yeye keshaanza kushona kingine kwa ajili ya jike mwingine! Ndiyo maana haachi kuruka na kulia msimu mzima: bado anatafuta.

Kiota sikukitafuta kwa mikono. Ukipanua nyasi unamwonyesha njia nyoka au paka, na utando ukichanika chupa inafunguka. Nilikaa mbali nikaangalia jike anatua wapi akiwa na wadudu mdomoni.

Jike peke yake, bila dume hewani, bado namwandika daftarini "kidenenda" tu, basi. Hatoi ule mlio, na kwa manyoya pekee sithubutu kumtaja spishi.