Saturnine Si Mambo ya Jumamosi: Nilivyoyashika Maneno ya Sayari

Neno lililoniangusha lilikuwa saturnine. Mtihani wa msamiati wa Kiingereza ulinitaka nichague maana yake kati ya nne. Mimi nikaona Saturday imejificha ndani yake, nikakumbuka mapumziko ya mwisho wa juma, nikachagua "mtu anayependa starehe". Jibu lilikuwa mtu mzito, mkimya, aliyenuna, asiyechangamkia lolote. Kilichoniuma ni kwamba Saturday kweli imo. Siku hiyo na neno hilo vyote vimetoka kwa Saturn, sayari tunayoiita Zohali. Mlango niliupata, nikageukia chumba kingine.

Nilikuwa na wiki sita kabla ya kurudia. Orodha yangu ilikuwa na maneno mengi, lakini haya ya sayari ndiyo yaliyonisumbua: jovial, mercurial, martial, saturnine na jamaa zao. Nikaanza na vikadi kama kila mtu, neno upande huu, maana upande ule. Siku kumi zikapita, jovial na mercurial bado wanaazimana nguo. Leo huyu ndiye mcheshi na yule kigeugeu, kesho kinyume chake.

Nikageukia sayansi. Nilidhani nikizijua sayari zenyewe, maneno yatajileta. Kumbe hapo ndipo nilipopotea zaidi. Mshtarii, yaani Jupiter, ni kubwa kuliko sayari zote, na ina dhoruba moja iliyo pana kuliko Dunia nzima. Bashasha ya jovial inatokea wapi hapo? Zuhura ndiyo kichekesho kabisa. Joto la uso wake linapita nyuzi 460, mawingu yake ni ya asidi ya salfa, na bado ndiyo sayari ya mapenzi. Labda aliyeipa jina hilo alikuwa na yake moyoni.

Kilichonifungulia njia ni Kiswahili. Nilimsikia mtu akimsema mwenzake: "Yule ana nyota ya kupendwa." Maneno ya kawaida, nimeyasikia tangu utotoni. Tunasema nyota ya fulani inang'aa, ya fulani imefifia, na msemaji wala si mnajimu. Siku hiyo nikashtuka: basi jovial ni hili hili! Mwenye darubini hakulitunga neno hili. Lilitoka kwa mpiga falaki, anayeamini kwamba mtu huzaliwa na tabia ya nyota yake.

Nikaanza upya kwa miwani hiyo. Wanajimu wa kale walihesabu sayari saba: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Zebaki na Mwezi. Jua na Mwezi zimo kwa sababu nazo huonekana zikihama angani, Dunia haimo kwa sababu ilidhaniwa kuwa katikati ya vyote. Mshtarii ilikuwa nyota ya heri. Jove ni jina jingine la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, na aliyezaliwa chini ya nyota yake alitarajiwa kuwa mchangamfu, mtu wa kicheko na ukarimu. Nina mjomba wa namna hiyo, akiingia chumbani hata wagonjwa huketi. Nikampa kadi ya jovial, na tangu siku hiyo neno halikuhama tena.

Kwa saturnine nilihitaji kitu kizito zaidi, nikakipata kwenye mwendo. Kati ya zile saba, Zohali ndiyo ya mwisho kwa mbali na ndiyo inayojikokota kuliko zote. Huchukua zaidi ya miaka 29 kulizunguka Jua mara moja. Watu wa kale waliiona kama mzee wa baridi, asiye na haraka wala furaha. Wana alkemia nao walikuwa wameigawia kila sayari metali yake: dhahabu ya Jua, fedha ya Mwezi, chuma cha Mirihi, shaba ya Zuhura, bati la Mshtarii. Zohali ikapewa risasi, nzito na ya rangi ya majivu. Ndiyo maana Kiingereza cha madaktari kina neno saturnism, ugonjwa wa sumu ya risasi. Nikimchora mzee aliyebeba kipande cha risasi kifuani, uso umekunjamana, saturnine inakuja yenyewe.

Mercurial ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa Kiswahili kilinipa jibu kabla sijauliza. Sayari hiyo tunaiita Zebaki, na metali ile inayotiririka kama maji tunaiita zebaki pia. Kwa Waingereza mambo yalikwenda hivyo hivyo, sayari na metali zote mercury, ila njia zetu ni tofauti. Kwao jina lilitoka kwa mungu Mercury, mjumbe mwenye mbio, likaenda kwenye sayari inayomaliza mzunguko wake kwa siku 88 tu, kisha wana alkemia wakaiazima metali jina la sayari. Sisi tumekwenda kinyumenyume: zebaki ni neno la Kiarabu la metali, nasi tukalipandisha hadi angani. Waarabu wenyewe sayari huiita Utaridi, na jina hilo limo pia katika Kiswahili cha zamani. Nilicheka peke yangu nilipoliona jambo hili.

Na katika zile metali saba, hii ndiyo pekee iliyobaki na jina la sayari katika Kiingereza cha kila siku. Aliyewahi kuvunja kipimajoto cha zamani ameiona: inagawanyika, inakimbia, inaungana tena, huwezi kuikamata. (Usiiguse, ni sumu.) Basi mtu mercurial ndiye huyo, asubuhi anacheka, adhuhuri amekasirika, jioni ana wazo jipya. "Kigeugeu" inakaribia, lakini ina lawama ndani yake. Mercurial inaweza kuwa hata sifa, ya mtu mwenye akili ya umeme.

Martial halikunichukua hata dakika tano. Mars ni Mirihi, sayari nyekundu, mungu wa vita. Kuna martial law, court martial, martial arts, na hata mwezi wa March.

Sasa nikawa nimenogewa, na aliyenogewa hukosa adabu. Rafiki yangu alikuwa anaoa, nami nikaandika kadi kwa Kiingereza ili nionyeshe nilivyoiva. Nikajiambia: Jove ametoa jovial, Mars ametoa martial, basi wa Venus ni... Kamusi ya Kilatini ilinithibitishia kwamba venereus ni jambo la mapenzi. Nikawatakia maharusi furaha ya venereal. Ashukuriwe dada yangu aliyeisoma kabla haijatumwa. Aliketi chini, akafuta machozi, kisha akaniambia kwamba Kiingereza kimeliachia neno hilo magonjwa ya zinaa tu. Baadaye nikagundua kwamba wanafalaki nao hulikwepa. Wakizungumzia Zuhura husema Venusian. Wakati huo huo venerate, kuheshimu kwa unyenyekevu, limetoka katika shina lile lile la Kilatini. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja yuko kanisani, mwingine kliniki.

Jioni moja nzima ililiwa na siku za juma. Wafaransa wamezibakiza sayari wazi: mardi ya Mars, mercredi ya Mercury, jeudi ya Jupiter, vendredi ya Venus. Waingereza waliwaondoa Warumi hao wakaweka miungu ya Kijerumani, ndiyo sababu Thursday ni ya Thor aliyekalia kiti cha Jupiter. Saturn peke yake alibaki. Sisi tunahesabu tu: mosi, pili, tatu. Haikuwa kwenye mtihani, lakini sijutii.

Nilijiuliza pia mbona hakuna tabia ya mtu iliyopewa jina la Uranusi au Neptuni. Jibu liko kwenye tarehe. William Herschel aliiona Uranusi mwaka 1781, Neptuni ikapatikana 1846, na kufikia hapo maneno ya tabia yalikuwa yamekwishagawiwa zamani. Sayari hizi zikaangukia mikononi mwa wanakemia. Mwaka 1789 Martin Klaproth aliipa elementi mpya jina la uranium kwa heshima ya sayari iliyokuwa bado habari ya mjini. Elementi yenye namba 92 ikiwa imechukua Uranusi, ya 93 iliyopatikana 1940 ikaitwa neptunium, na ya 94 iliyofuata ikaitwa plutonium, kwa kufuata mpangilio wa angani. Hapo vikadi vitatu nilivitupa, sikuvihitaji tena.

Mtego ulikuwa kwenye Pluto. Plutocrat linafanana na jina hilo kama pacha, na mimi tayari nilikuwa nimeliweka kwenye rundo la sayari. Kumbe limetoka kwa neno la Kigiriki ploutos, utajiri, wala halikupitia angani. Ni mtu mwenye mamlaka kwa sababu ya mali yake. Neno la sayari yenyewe ni plutoed. Mwaka 2006 wanafalaki waliivua Pluto hadhi ya sayari, na chama cha wanaisimu wa Marekani, American Dialect Society, kikalichagua plutoed kuwa neno la mwaka huo, kwa maana ya kushushwa cheo au thamani.

Siku ya mtihani saturnine haikutokea. Wala jovial, wala mercurial niliyoitunza kama yai. Katika swali la 31 nikakutana na plutocrat, na jibu la kwanza kati ya manne lilisema "mtu aliyeshushwa cheo". Nikatabasamu, nikaliruka, nikaweka alama kwa tajiri.