Nilivyopata ruta inayokubali OpenWrt: soma stika ya chini, achana na boksi

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa ninunue ruta yenye antena nyingi. Wa pili, ninunue mpya kuliko zote sokoni. Yote hayo yalinipotezea muda, maana hayagusi kabisa mambo yanayoamua kama OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaowekwa kwenye ruta badala ya ule wa kiwandani, itaingia au haitaingia: chipu iliyomo, ukubwa wa flashi (hifadhi ya kudumu ya kifaa) na RAM, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye stika chini ya kifaa.

Namba ya toleo ndiyo inayowaumiza watu wengi. Chukua TL-WR841N ya TP-Link. Toleo la 13 lina flashi ya MB 8 na RAM ya MB 64. Toleo la 14 likarudi kwenye MB 4 na MB 32. Jina ni lile lile, umbo ni lile lile, lakini moja utaiwekea OpenWrt na nyingine ni kujitesa tu, kwa sababu vifaa vya 4/32 (flashi MB 4, RAM MB 32) viliachwa rasmi baada ya matoleo ya OpenWrt ya 19.07. Mchezo huu ni wa zamani. Linksys WRT54G, ruta iliyozaa OpenWrt yenyewe mwaka 2004, ilipofika toleo la 5 ilipunguziwa flashi hadi MB 2 na RAM hadi MB 8, na Linux ikatolewa ikawekwa VxWorks, mfumo mwingine usio huria. Waliotaka Linux ikabidi watafute WRT54GL, ndugu yake iliyobaki na Linux.

Nilipoanza kutafuta ya mtumba, nilimwomba muuzaji picha ya stika. Akanitumia picha ya boksi. Nikaomba tena, akaniambia "zote ni sawa tu", nikamwamini. Ilipofika nikaigeuza: toleo silo. Ilirudi siku hiyo hiyo. Tangu hapo, bila picha ya stika inayosomeka, sitoi hela.

Kuhusu chipu, kanuni yangu ni fupi. Broadcom naikwepa, kwa sababu draiva huria za Wi-Fi yake ama hazipo ama ni dhaifu. OpenWrt inaweza kuwaka vizuri kabisa na ukabaki na ruta isiyo na Wi-Fi ya maana. MediaTek zinazotumia draiva ya mt76, kama zile zenye MT7621 au MT7981, ni chaguo zuri. Atheros za zamani zenye draiva ya ath9k bado ni imara sana. Kwenye jedwali la vifaa la OpenWrt usitosheke kuona kwamba kifaa kimeorodheshwa: angalia safu inayoonyesha toleo la sasa la OpenWrt linalokiunga mkono, kisha usome kilichoandikwa kwenye sehemu ya vitu visivyofanya kazi. MB 8 na MB 64 zinatosha kuwasha tu na kuweka LuCI, kurasa za kuiendesha OpenWrt kwa kivinjari. Mimi sishuki chini ya flashi ya MB 16 na RAM ya MB 128, na kama ningekuwa nanunua mpya leo ningetaka RAM ya MB 256 kwenda juu.

Mwisho nilichukua Archer C7 ya TP-Link, toleo la 2, mtumba, kwa hela kidogo sana ukilinganisha na ruta mpya. Flashi MB 16, RAM MB 128, chipu ya QCA9558. Kwa wanaohesabu antena: zile tatu za nje ni za GHz 5, za GHz 2.4 zimefichwa ndani.

Kuiflashi mara ya kwanza hakuna la kusimulia. Faili la factory (lile la kuingilia kutoka mfumo wa kiwandani), nililolipa jina fupi, waya wa LAN, basi. Tatizo lilikuja wakati wa kupandisha toleo la OpenWrt. Mfumo ulikataa faili ukisema halilingani na kifaa, na kuna mtu alikuwa ameniambia kwamba maonyo hayo hupitwa kwa kuongeza -F (lazimisha) kwenye sysupgrade, amri ya kupandisha toleo. Nikaongeza. Lilikuwa faili la C7 toleo la 5. Ruta ikaandika, ikajizima, ikawaka taa bila kufika popote.

Hapa ndipo bootloader ya C7, programu ndogo inayowaka kabla ya mfumo wenyewe, inapookoa. Ukishikilia kitufe cha reset huku unawasha umeme, kwa sekunde kama kumi, ruta inatafuta kompyuta yenye anwani 192.168.0.66 na kuomba kwa TFTP (njia rahisi ya kuhamisha faili mtandaoni) faili liitwalo ArcherC7v2_tp_recovery.bin. Unachukua faili la factory la OpenWrt la toleo lako, unalibadilisha jina liwe hilo, herufi kubwa na ndogo zikiwa vile vile. Nilifanya yote hayo mara sita. Kimya. Firewall nilikuwa nimeizima, seva ya TFTP ilikuwa inasikiliza mlango wa 69.

Nikafungua tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, nitazame waya wenyewe, na hapo nikaona: kila nikiwasha ruta, kadi ya mtandao ya kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Ruta ikiwa imezimwa waya umekufa. Ikiwaka, kompyuta inatumia sekunde kadhaa kuutambua waya na kujipa anwani, na ruta imeshauliza na kukata tamaa. Dawa yake ni swichi ya kawaida, ile ndogo ya bei ya chini. Kompyuta unaichomeka kwenye swichi, ruta kwenye swichi hiyo hiyo. Sasa kadi ya kompyuta iko hai muda wote, ruta iwe imewaka au imezimwa. Nikashika reset, nikawasha, na kwenye tcpdump ikatokea ARP, pakiti inayoulizia nani mwenye 192.168.0.66, mara ombi la faili, mara vipande vya faili vikaanza kumiminika. Nikaiacha dakika kadhaa bila kuigusa, ikarudi kwenye 192.168.1.1, mtumiaji root, nywila hakuna. Usishtuke usipoona Wi-Fi: OpenWrt huizima mpaka uiwashe mwenyewe, na ukumbuke kuweka msimbo wa nchi.

Jambo la kuangalia kabla ya kununua kama una laini ya kasi: SQM (kupanga foleni ya pakiti ili laini isichelewe ikijaa) kwa kanuni iitwayo cake inakula kichakataji. Kiini kimoja cha MIPS cha MHz 720, kama hiki changu, hakiwezi kupanga foleni ya Mbps 500, na huwezi kujiokoa kwa kuwasha hardware offload (kuiachia chipu ipitishe pakiti bila kichakataji), kwa sababu pakiti zinazopita huko haziioni SQM kabisa. Kwa laini yangu inatosha. Kwenye SQM nimeweka asilimia 90 ya kasi niliyopima.

Lile faili la uokoaji nimeliacha kwenye flashi ndogo ya USB, nimeifunga kwa mpira pamoja na ile swichi.